Herufi U katika Orodha ya Nyota: Uhuru, Malindi na Vioo vya Eksirei

Makala haya ni deni ninalolilipa. Muhula uliopita, katika darasa la jioni la tafsiri, tulikuwa tukishughulikia matini fupi ya kisayansi kuhusu nyota. Mwanafunzi mmoja, ofisa wa jeshi ambaye hutoka kazini Bilpam na kuja moja kwa moja darasani kwa bodaboda, buti zikiwa bado na vumbi la barabara, aliinua mkono. "Mwalimu," akasema (darasani mimi ni mwalimu, tukikutana nje mimi ni ustaz), "hapa wameandika 4U 1820-30. Namba nimezielewa. Hii U inatafsiriwaje?"

Nilimwambia aiache kama ilivyo, kwa kuwa majina ya orodha hayatafsiriwi. Jibu lile lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa pia namna ya kukwepa, kwani sikujua U ilisimama badala ya nini. Nikaenda kutafuta. Nilipopata jibu niliona haya kidogo, maana mimi ndiye niliyepaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote katika chumba kile. U ni Uhuru. Ni neno letu lilelile.

4U maana yake ni orodha ya nne ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978, yenye vyanzo 339 vya mionzi ya eksirei angani. Tarakimu zinazofuata zinaonyesha mahali chanzo kilipo, kama vile latitudo na longitudo zinavyoonyesha mahali mji ulipo. Hicho cha mwanafunzi wangu ni nyota mbili zilizokaribiana mno, zinazozungukana kwa muda wa dakika 11 tu. Wanafalaki wa Japani, Chile na Ujerumani huandika herufi hiyo katika maandishi yao hadi leo, na nadhani wengi wao hawajui kwamba wanaandika Kiswahili.

Uhuru ilikuwa setilaiti. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika pwani ya Kenya. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Jina lake rasmi kabla ya kurushwa lilikuwa SAS-A. Siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, na meneja wa mradi kwa upande wa shirika la NASA, Bi. Marjorie Townsend, ndiye aliyetoa wazo la kuibatiza jina hilo, kama heshima kwa wenyeji wao. Bi. Townsend alikuwa mhandisi, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kusimamia mradi wa setilaiti katika shirika hilo.

Katika kufundisha nimekutana na wanafunzi wanaouliza upatanisho wake: je, Uhuru *ulirushwa* au *ilirushwa*? Mimi husema *ilirushwa*, kwa kuwa akilini tunaitaja setilaiti. Wengine wasiokubaliana nami wana hoja yao. Hali kadhalika, hapa Juba neno hili lina faida ya ziada darasani, kwani kila mwanafunzi anajua *hurriya* kutokana na Kiarabu. Kiswahili hakikulichukua neno hilo zima. Kilichukua *huru*, kikalivika kiambishi *u-* cha nomino dhahania kama kilivyofanya kwa *uzuri* na *utu*. Kwa hiyo U ile iliyobaki katika orodha za wanafalaki ni kiambishi cha Kibantu kilichoachwa peke yake, shina limekatwa. Sijui mfano mwingine wa ngeli yetu iliyofika mbali hivyo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kwa nini watu waende mpaka baharini Ngomeni kutafuta eksirei?

Eksirei ziligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Sote tunazifahamu kwa picha za mifupa hospitalini, na kwa sababu hiyo tunadhani zinapenya kila kitu. Lakini hewa iliyo juu yetu, ukiijumlisha yote kutoka ardhini hadi mwisho wake, ina uzito sawa na ukuta wa maji wa unene wa mita 10. Eksirei zinazotoka kwenye nyota haziupiti ukuta huo. Ni bahati yetu, la sivyo tusingekuwa hai. Lakini kwa mwanafalaki ni mlango uliofungwa. Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa.

Roketi zilipopatikana, mlango ukafunguliwa kidogo. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, kundi lililoongozwa na Riccardo Giacconi, Mtaliano mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, lilirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico. Roketi ilikaa juu ya kimo cha kilomita 80 kwa sekunde 350, yaani hazifiki dakika 6, kisha ikaanguka. Katika muda huo vigunduzi vyake vilikuta chanzo kikali cha eksirei upande wa kundinyota la Nge, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi iliyoanzia hapo.

Dakika 6 hazitoshi. Ilihitajika setilaiti, na setilaiti ile ilihitaji Ikweta. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba dunia inapozunguka, mtu aliyesimama kwenye Ikweta anakwenda kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa bila kujua, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapewa kasi hiyo bure. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba njia inayoizunguka dunia juu ya Ikweta hukwepa sehemu ya anga iliyo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako chembe zenye nguvu hushuka karibu na dunia na kuvivuruga vigunduzi. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Chuo Kikuu cha Roma, chini ya Profesa Luigi Broglio, kilikuwa tayari kimejenga majukwaa yake pale na kurusha setilaiti ya San Marco 2 mwezi Aprili 1967. Kwa jumla roketi 9 aina ya Scout ziliruka kutoka pale kati ya 1967 na 1988, na kati ya hizo 3 zilibeba mitambo ya eksirei: Uhuru, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975.

Naomba niseme jambo pembeni. Mwaka huo wa 1970 vita vya Anyanya vilikuwa bado havijakwisha hapa kwetu. Mkataba wa Addis Ababa ulitiwa saini mwaka 1972. Neno *uhuru* lilipaa angani kutoka pwani ya jirani yetu miaka 40 na ushei kabla bendera yetu haijapandishwa Juba, Julai 2011. Mwanafunzi wangu nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Bilpam nayo ni jina la safari. Ni kweli. Bilpam ya kwanza iko magharibi ya Ethiopia, upande wa Gambella, na ilikuwa ngome ya SPLA katika miaka ya mwanzo baada ya 1983. Makao makuu ya jeshi yalipokuwa Juba yakachukua jina lile, na leo mwendesha bodaboda ukimwambia "Bilpam" hakuulizi kama unamaanisha Ethiopia.

Turudi kwenye Uhuru. Jambo la kushangaza ni kwamba haikuwa na kioo wala lenzi. Haikupiga picha. Ilikuwa na vigunduzi viwili vya gesi vilivyotazama pande mbili zinazokabiliana, na mbele ya kila kigunduzi kulikuwa na vijibomba vyembamba vya metali vilivyopangwa pamoja kama sega la nyuki, ili mionzi ipite tu ikitoka upande mmoja wa anga. Mfano wake ni mtu anayechungulia kupitia ufa wa mlango: haoni chumba kizima, ila akisogeza jicho polepole atajua mshumaa uko wapi. Ufa mwembamba zaidi wa Uhuru ulikuwa na upana wa nusu nyuzi, takriban upana wa mwezi mpevu tunavyouona, na urefu wa nyuzi 5. Setilaiti ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, na kila ufa ulipopita juu ya nyota, hesabu ilipanda na kushuka.

Kwa chombo duni namna hiyo, matokeo yalikuwa makubwa. Ilionekana kwamba chanzo kiitwacho Cen X-3 kinapwita kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba kinazunguka nyota nyingine kwa siku 2.1. Maelezo pekee yaliyokubalika ni kwamba ni mabaki ya nyota iliyokufa, madogo na mazito ajabu, yanayoinyonya nyota mwenzake. Chanzo kingine, Cyg X-1, kilikuwa kikipapatika ovyo. Wanafalaki waliokifuatilia kwa darubini za kawaida mwaka 1971 na 1972 walihitimisha kwamba pale hakuna nyota, bali shimo jeusi, la kwanza kupata ushahidi wa kuaminika. Uhuru ilinyamaza mwezi Machi 1973.

Giacconi mwenyewe alijua tangu mwanzo kwamba ufa wa mlango una mwisho wake. Mwaka 1960, kabla hata ya roketi ya White Sands, yeye na Bruno Rossi walikuwa wamechapisha makala wakipendekeza darubini halisi ya eksirei, yenye vioo. Na hapa ndipo penye ugumu. Eksirei ikikipiga kioo uso kwa uso hairudi; inazama ndani au inapita. Kioo cha kunyolea kwake ni kama hakipo.

Mtoto yeyote aliyecheza kando ya Mto Nile anajua njia ya kutokea. Ukilitupa jiwe kutoka juu, linazama. Ukilirusha chini kwa chini, likiwa karibu sambamba na maji, linaparaza uso wa maji na kuruka, linaparaza tena na kuruka. Eksirei nayo ni hivyo. Ikiugusa uso uliosuguliwa vizuri kwa pembe ndogo sana, nyuzi 1 au pungufu, inateleza na kubadili mwelekeo. Mwanafizikia wa Kijerumani Hans Wolter alionyesha mwaka 1952 jinsi nyuso mbili zilizopindwa, ya kwanza ya umbo la paraboloidi na ya pili haipaboloidi, zinavyoweza kuparazwa mara mbili mfululizo na kuikusanya mionzi mahali pamoja ikatoa picha safi. Wolter alikuwa akitafuta hadubini. Giacconi na Rossi wakaipeleka fikra hiyo kwenye darubini. Walimu wenzangu wanaofundisha uundaji wa istilahi wataufurahia mfano huu: maneno mawili yanayoachana kwa silabi mbili za mwanzo, na fikra moja iliyohama kutoka moja hadi jingine.

Kwa kuwa mionzi inapita karibu sambamba na kioo, kioo cha namna hii hakifanani na sahani. Ni kama pipa lisilo na kitako wala mfuniko, na uso unaofanya kazi ni wa ndani. Pipa moja linakamata mionzi michache tu, ile inayopita kwenye pete nyembamba ya ukingo wake. Basi mapipa huingizwa moja ndani ya jingine, kama mama lishe anavyopanga masufuria yake jioni. Setilaiti ya Einstein, iliyorushwa Novemba 1978, ilikuwa na jozi 4 za mapipa hayo, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupiga picha kamili za eksirei za vitu vilivyo mbali na jua letu. Kutoka Uhuru hadi Einstein ni miaka 8 tu.

Kazi iliyonivutia zaidi katika kusoma kwangu ni ile ya kuvisugua vioo na kuvijaribu, na hapa sina budi kuzungumzia Chandra. Vioo vyake, jozi 4, vilitengenezwa kwa kauri ya kioo iliyoyeyushwa Mainz, Ujerumani. Vilisuguliwa Danbury, Connecticut, vikapakwa madini ya iridiamu huko California, na kuunganishwa Rochester, New York. Pipa kubwa lina kipenyo cha mita 1.2. Usafi wa uso wake unapimwa kwa unene wa atomi chache: NASA hutoa mfano kwamba kama jimbo lote la Colorado lingesuguliwa hivyo, mlima wake mashuhuri wa Pikes Peak usingefika urefu wa sentimita 3.

Ila mtu anajuaje kwamba kioo ni kizuri kabla ya kukirusha? Swali hilo lilikuwa na machungu. Mwaka 1990 darubini ya Hubble ilirushwa ikiwa na kioo kilichosuguliwa kwa uangalifu mkubwa kwa umbo lisilo sahihi, na kosa halikujulikana mpaka picha zilipoanza kushuka zikiwa na ukungu. Kioo hicho kilikuwa kimesuguliwa katika mji uleule wa Danbury. Hata kabla ya hapo Bunge la Marekani lilikuwa limeweka sharti kwa Chandra: jozi kubwa ya vioo itengenezwe na kujaribiwa kwanza, la sivyo fedha hazitoki. Jaribio lilifanyika mwaka 1991, kioo kikafaulu. Vioo vyote kwa pamoja vilijaribiwa kuanzia mwishoni mwa 1996 hadi 1997 huko Huntsville, Alabama, katika bomba lenye urefu wa zaidi ya mita 500 lililoondolewa hewa yote. Urefu huo una sababu. Mionzi ya nyota inafika ikiwa sambamba kwa kuwa imetoka mbali mno. Taa ya eksirei ya maabara iko karibu, na mionzi yake inatawanyika. Kadiri unavyoisogeza mbali, ndivyo inavyokaribia kufanana na nyota. Isitoshe, duniani kioo kinabonyea kidogo kwa uzito wake chenyewe, na angani hakitabonyea, kwa hiyo wajaribuji walilazimika kuhesabu na kuondoa kosa ambalo ni la dunia, wakabaki na lile la kioo. Chandra iliporushwa Julai 1999, ilikuwa na uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyoachana milimita 2 au 3 kwa umbali wa kilomita 1. Uhuru, ikumbukwe, ilikuwa na upana wa mwezi.

Mapipa mazito namna hiyo ni ghali na yanachukua nafasi. Waitalia wakaja na njia yao. Badala ya kusugua kila kioo, wanasugua kalibu kwa nje, wanaipaka dhahabu, kisha wanaizamisha katika maji ya nikeli na kupitisha umeme mpaka nikeli igande juu yake kama gamba jembamba. Kalibu inapopoozwa inasinyaa, na gamba linachomoka likiwa limebeba dhahabu na ulaini wa kalibu kwa ndani. Setilaiti ya Ulaya ya XMM-Newton ya Desemba 1999 ina magamba 58 katika kila darubini yake, na iko na darubini 3. Hapa mfasiri anakwama. *Kioo* kwetu ni kitu cha kujitazamia, na pia ni mali ghafi ya dirisha na bilauri. Kioo cha nikeli ni kioo kisicho cha kioo. Darasa langu lilibishana juu ya sentensi hiyo kwa nusu saa. Wengine walitaka *kiakisi*. Binafsi sioni tatizo. Tunavaa miwani ya plastiki na bado tunasema vioo vyake vimekwaruzika.

Njia hiyo ya kalibu ndiyo inayoturudisha Malindi. Setilaiti ya Kiitalia ya BeppoSAX, iliyorushwa kutoka Marekani Aprili 1996, ilikuwa na darubini 4, kila moja ikiwa na magamba 30 ya nikeli yenye dhahabu. Ilizunguka karibu na Ikweta, na kituo chake cha ardhini kilikuwa Malindi. Kila ilipopita juu ya pwani ilishusha data yake pale, maili chache kutoka majukwaa ya zamani. Tarehe 28 Februari 1997 kamera zake zilinasa mlipuko wa miale ya gama, aina ya milipuko iliyokuwa kitendawili kwa miaka 30 hivi. Baada ya saa 8 darubini zenye vioo zilikuwa zimeelekezwa pale, zikakuta eksirei zinazofifia polepole. Kwa mara ya kwanza mahali pa mlipuko palijulikana vizuri kiasi cha kutafutwa kwa darubini za kawaida, na kitendawili kikaanza kuteguliwa. Habari ile iliteremka duniani kupitia kwa Waswahili.

Haikuishia hapo. NuSTAR, iliyorushwa 2012, imetumia antena za Malindi. Na IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 ikiwa na magamba 24 katika kila moja ya darubini zake 3, yaliyotengenezwa na kujaribiwa Huntsville, ilipewa Malindi kuwa kituo chake kikuu. Roketi ya mwisho iliruka Ngomeni mwaka 1988. Masikio yamebaki.

Kuhusu majina, kuna jambo ambalo nadhani litawagusa walimu. Jina la Chandra, linalomuenzi mwanafizikia Subrahmanyan Chandrasekhar, lilipatikana kwa shindano la insha. Walioshinda walikuwa mwanafunzi mmoja wa sekondari na mwalimu mmoja wa shule, kila mmoja kwa insha yake. Jina la Uhuru halikushindaniwa. Mgeni alilisikia kwa wenyeji, akaliona linafaa, akaliomba. Sijaamua kama naona wivu au fahari. Kenya ya 1970 ilitoa pwani, bahari na neno. Vigunduzi vilitengenezwa Massachusetts, na orodha ziliandikwa kwa Kiingereza. Lakini neno ndilo linaloendelea kuandikwa.

Mwanafunzi wangu alimaliza tafsiri yake. Aliandika "4U 1820-30" bila kuibadilisha, na chini ya ukurasa akaongeza maelezo ya mstari mmoja: *U, yaani Uhuru*. Nilimpa alama zote za sehemu hiyo. Kilichotushinda ni istilahi ya jinsi mwale unavyokigusa kioo kwa pembe ndogo kabisa. Yeye alipendekeza *mparazo*; mwenzake kutoka Yei akataka *mtelezo*; mimi naelemea kwa mparazo lakini silali usingizi juu yake. Atakayekuwa na neno bora alilete idarani kabla ya toleo lijalo.